Filamu Zetu Zinalipiwa na Masika

Kabla sijawa mtayarishaji wa filamu nilikuwa mtunza hesabu wa loji moja hapa Karatu, na kazi ile ndiyo iliyonifundisha hii. Mtunza hesabu wa loji anajua jambo ambalo mgeni halioni: kitanda kitupu kina gharama. Kuanzia Juni mpaka Oktoba, magari ya watalii yanapita mjini tangu alfajiri yakipandisha kuelekea geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, na mwenye loji hana hata pa kumlaza ndugu yake. Masika yakikolea, Aprili na Mei, kitabu cha wageni kinabaki cheupe. Lakini mlinzi anataka mshahara, nyasi zinataka kufyekwa, jenereta linataka kuwashwa mara moja moja, na leseni haijui kama kuna wageni au hakuna. Pesa inatoka, haiingii.

Humo ndimo ninamotolea filamu.

Vijana wakiniuliza mtaji nimeupata wapi, wanategemea nitaje benki au ubalozi. Njia hizo zipo na nitazigusa. Ila mtaji wa kwanza wa filamu huru ni vitu vilivyolala bure pale unapoishi. Kazi ya mtayarishaji ni kuvijua, kuviwekea thamani ya shilingi na kuvifungia mkataba kabla mwandishi hajamaliza muswada. Nasema kabla, kwa sababu muswada ukishakamilika bila hesabu, kila ukurasa unageuka deni.

Huku kwetu kamera si ngeni. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walirusha ndege juu ya Serengeti na Ngorongoro, na filamu yao ya mwaka 1959, Serengeti Shall Not Die, ikapata tuzo ya Oscar. Michael alikufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, na kaburi lake lipo ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, ambako baba yake naye alikuja kupumzishwa. Mwaka 1962 ikatoka Hatari!, John Wayne akikimbiza wanyama kwa gari kaskazini mwa Tanganyika. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua The Royal Tour, akiwa yeye mwenyewe ndiye anayemtembeza mtangazaji Peter Greenberg. Hizo zote zilikuwa na ndege, studio au dola nyuma yake, na bidhaa yao kubwa ilikuwa mandhari na wanyama.

Nilikaa na kalamu nikajiuliza kama filamu ya maigizo ya Kiswahili inaweza kushuka Kreta. Kuna kiingilio cha kila mtu, kuna ada ya gari kushuka, kuna kibali cha kupiga filamu, na mwisho wa siku lazima utoke. Tena huruhusiwi kukanyaga chini isipokuwa sehemu zilizotengwa, kama pale Ngoitoktok. Mwigizaji hawezi kugombana na mke wake akiwa amefungiwa ndani ya gari filamu nzima. Nikaiacha Kreta kwa wenye ndege zao. Chini yake kuna mji ambao hakuna anayeupiga picha: Wairaqw, Wadatoga, Wamaasai, wafanyabiashara kutoka kila kona ya nchi, kahawa ya Oldeani, vitunguu vya Mang'ola, na mamia ya watu wanaoishi kwa kutandika vitanda vya wengine.

Daftari langu la bajeti lina safu tatu: taslimu, mali na ahadi. Taslimu ni ile isiyokopeka: mafuta, chakula, vibali vya Bodi ya Filamu, diski za kuhifadhia kazi nakala mbili mbili, na fundi sauti. Fundi sauti msimkope. Picha mbaya mtazamaji ataivumilia, sauti mbaya ataondoka. Mali ni vyumba, magari, jenereta, jiko. Ahadi ni sehemu ya ujira ambayo waigizaji na mafundi wanakubali kuisubiri hadi filamu iuzwe, kwa maandishi, kila mtu na kiasi chake.

Safu ya mali ndiyo inayotaka uaminifu. Tuseme chumba kinauzwa shilingi laki tatu msimu wa wageni. Ukiandika laki tatu kwenye mkataba wa Aprili, umejidanganya, na umempa mwenye loji mgawo mkubwa kuliko alichotoa, kwa sababu Aprili chumba hicho hakina mnunuzi wa laki tatu. Ninaandika kile ambacho kingelipwa mwezi huo, na gharama halisi ya kufua mashuka, kupasha maji na kumlipa mtu wa usafi nailipa taslimu. Mwenye loji asitoe hata shilingi mfukoni. Atoe tu kile kilicholala.

Mazungumzo yenyewe huwa hivi. Mama mmoja mwenye loji ndogo upande wa Rhotia alinikaribisha barazani mvua ikinyesha.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kuomba msaada wa sinema?”

“Sijaja kuomba, mama. Nimekuja tufanye ubia. Nyumba yako mwezi huu imelala.”

“Imelala kweli. Na hiyo sinema yenu itaniletea wageni?”

“Haitakuletea, mama. Mzungu hachagui loji kwa kuangalia sinema ya Kiswahili. Nitakuachia video fupi ya loji yako, imepigwa vizuri, uwapelekee mawakala wako. Na filamu ikiuzwa, una fungu lako humu kwenye karatasi.”

Akacheka. “Basi angalau wewe si mwongo. Na mkinivunjia vyombo?”

“Ukurasa wa pili, mama. Soma.”

Alisoma yote, akaongeza kipengele cha zulia.

Sasa sikieni hesabu ilivyomfanyia mwandishi kazi. Alikuwa na hadithi ya harusi ya Arusha mjini, watu kibao, bendi, magari ya kupamba. Nikamwambia tuna loji tupu, mvua na watu wachache. Alinuna, halafu akarudi na hadithi ya mpishi na mhudumu wa vyumba walioachwa kulinda loji masika yote. Usiku mmoja yule mhudumu analala, kwa mara ya kwanza, kwenye kitanda alichokitandika kwa miaka. Filamu nzima inatoka hapo: nani ana haki ya kupumzika katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mgeni? Hadithi ile ya harusi wangeweza kuitengeneza watu wa Dar es Salaam, tena vizuri kutuzidi. Hii ilikuwa ya hapa.

Kisha mvua nayo ikadai nafasi yake. Paa la bati likipigwa na mvua ya Aprili, hata anayepiga kelele hasikiki. Vyumba vya wageni vilikuwa vimeezekwa nyasi, na nyasi humeza sauti ya mvua. Jiko lilikuwa la bati. Kungoja mvua ikatike ni kulipa watu wazima wakae wanywe chai. Tukaupitia muswada upya: maneno yote yahamie chini ya nyasi, na jikoni pasisemwe kitu. Kwa hiyo mapenzi ya wale wawili yakahamia jikoni, bila neno hata moja. Mkono unapokea sahani, kisu kinakata karoti taratibu, mvuke unapanda, mvua inanguruma juu. Waliotazama wanayaulizia matukio hayo ya jikoni kuliko mengine yote, wanasema mwongozaji ana jicho. Jicho analo. Lakini aliyemwelekeza ni fundi sauti na bei ya siku moja ya kazi.

Mji uliolala una mengi. Gari la watalii lenye paa la kuinua ni gari la kamera tayari: mpiga picha anasimama katikati, miguu mitatu ya kamera imefungwa kwenye viti. Dereva wake anajua kulichomoa kwenye tope jekundu ambalo lingetukwamisha siku nzima. Wapishi wa kambi, waliozoea kulisha kundi la wageni porini, kwao kulisha kundi la filamu ni mchezo. Na ukungu unaoshuka kutoka msitu wa Ngorongoro asubuhi hatuukodishi.

Taslimu je? Kundi letu linapiga harusi, vipaimara na video za loji. Hiyo ndiyo biashara inayoweka mkate mezani, na sehemu ya faida yake inaingia kwenye kibubu cha filamu. VICOBA nako nakopa, lakini kwa jambo dogo lenye tarehe, kama mafuta ya wiki moja wakati najua nani atanilipa na lini. Mkopo wa kurejesha kila mwezi haufai kubeba filamu nzima, kwa sababu filamu hailipi kila mwezi. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao una mikopo ya wasanii inayopitia benki. Ni msaada mkubwa, mradi ukumbuke kuwa ni mkopo wala si zawadi, na benki itataka kuona kampuni iliyosajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi na mikataba yako ya mauzo.

Kuuza ndiko kunakowaponza wengi. Enzi za CD na DVD za Bongo Movie, mtu alimpelekea msambazaji kazi yake, akapewa kitita, akaondoka. Haki zote zilibaki kule. Mamlaka ya Mapato, TRA, ilileta stempu za kodi mwaka 2013 kudhibiti nakala bandia, lakini flashi na simu zikalimaliza soko lenyewe. Leo wanunuzi ni chaneli kama Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo, na baadhi yetu bado tunasaini tukiwa na mawazo ya zamani. Mimi nafanya kama wenye mashamba ya vitunguu Mang'ola: wanakodisha shamba kwa msimu, hawaliuzi. Chaneli inapata leseni ya muda fulani, nchi fulani, lugha fulani. Muda ukiisha filamu inarudi nyumbani, na inaweza kukodishwa tena.

Kabla ya chaneli tunaionyesha wenyewe, kwenye kumbi za shule na za makanisa, na Mang'ola wakati vitunguu vimeshauzwa na watu wana hela. Kiingilio kinakuwa kidogo. Anayelipa ukumbi na jenereta ni muuza pembejeo, ambaye sinema haimhusu hata kidogo. Anachotaka ni wakulima waliokaa pamoja usiku mmoja, wamsikilize kwa dakika chache kuhusu mbegu kabla taa hazijazimwa. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana aliyetengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 amefanya kinachofanana: yeye na waigizaji wake walizunguka kuuza nakala mkononi, nyumba kwa nyumba, kabla wezi hawajazinakili. Anayeitaka filamu yako umfuate alipo.

Fedha za nje nazo zipo. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilifika tamasha la Toronto mwaka 2021 ikiwa na washirika wa nje ya nchi. Walt Mzengi Corey alikuwa mmoja wa washindi wa shindano la Netflix na UNESCO la ngano za Afrika, akatengeneza Katope kwa bajeti ya dola 75,000 za Marekani, ikatoka mwaka 2023. Nairobi kuna mfuko wa Docubox kwa wenye filamu za maisha halisi. Ninachowaambia wenzangu ni kwamba mfadhili au mshirika wa nje anauliza kwanza wewe umeweka nini. Hapo ndipo safu ya mali inapopata heshima yake: vyumba, magari na ujira uliosubiriwa, vikiwa na mikataba iliyosainiwa, vinahesabika kuwa mchango wa mtayarishaji. Anayekwenda na muswada mtupu anaomba. Anayekwenda na karatasi hizo anakaribisha mtu kwenye kazi iliyokwisha kuanza.

Biashara ina mipaka yake, na mipaka hiyo tunaiandika. Anayetoa chumba au gari anapata jina lake mwishoni mwa filamu, video yake fupi na mgawo wake. Hapati sentensi kinywani mwa mwigizaji, na kibao cha kampuni yake hakiingii kwenye tukio ambalo hakina kazi ndani yake. Malipo yana foleni: mkopo kwanza, ujira uliosubiriwa wa pili, waliotoa mali wa tatu, kampuni yetu mwisho. Kila mmoja anaiona foleni hiyo kabla ya kusaini.

Mtu mmoja mwenye uwezo aliwahi kutaka kulipia filamu yote peke yake. Sharti lake lilikuwa moja: yule mhudumu aombe radhi kwa kulala kwenye kitanda cha wageni, filamu iishie hapo. Tulimshukuru, tukabaki na mama wa Rhotia, madereva, wapishi na muuza pembejeo. Mafungu yao ni madogo. Akija mmoja wao kutaka mwisho ubadilishwe, tunaweza kumrudishia alichotoa na kazi ikaendelea. Aliyelipa yote huwezi kumrudishia. Hiyo ndiyo maana ya filamu huru ninayoijua mimi, na nimeifikia kwa kikokotoo: igawe gharama katika mikono mingi, ili hadithi ibaki katika mkono wa aliyeiandika.