Kibati cha Chini ya Boneti

Miaka ya tisini, nilipoanza kukaa dukani kwa mjomba mtaani Gerezani, Dar es Salaam, mteja wa spea hakutaja namba. Alikuja na kifaa chenyewe. Fundi alimtuma kijana wa gereji na pampu ya maji iliyofungwa gazeti, grisi ikimpaka hadi kwenye viwiko, nasi tukailaza juu ya kaunta ubavuni mwa mpya, tukahesabu matundu ya bolti. Zikilingana, pesa inahesabiwa. Asiye na sampuli alirudishwa akafungue gari kwanza.

Mjomba alizijua Peugeot 504 na Land Rover kwa kupapasa tu. Magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo yalikuwa yameanza kumiminika bandarini, ndiyo yaliyomtesa. Mawili yanafanana bodi, taa mpaka dashibodi, ukifungua injini kila moja lina yake.

Toyota Corolla ndiyo iliyotufungua macho. Fundi mmoja wa Buguruni alichukua ringi za pistoni za Corolla ya teksi, jioni akarudi amenuna: zimegoma kuingia kwenye silinda. Mjomba hakubishana naye. Alifunga duka, akaongozana naye hadi gereji, nami nyuma na boksi la ringi. Kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na abiria kulikuwa na kibati kidogo kilichofunikwa na vumbi la miaka. Fundi alikifuta kwa kidole: AE100. Tukafungua boneti ya Corolla nyingine iliyokuwa pembeni, ile ambayo ingezikubali ringi zetu. AE101.

Tarakimu moja tu ya mwisho! AE100 ina injini ya 5A-FE, cc 1498, na kipenyo cha silinda zake ni milimita 78.7. AE101 ina 4A-FE, cc 1587, kipenyo milimita 81. Pistoni za zote mbili zinapanda na kushuka milimita 77 zile zile, na kwa nje huwezi kuzitofautisha bila kusoma maandishi.

Tangu siku hiyo nikawa na daftari. Kila gari lililoegeshwa mbele ya duka nilimwomba dereva afungue boneti, nikanakili kibati. Wengine walidhani mimi ni askari wa magari ya wizi. Hakukuwa na mtu wa kunifundisha, lakini orodha ilipokuwa ndefu herufi zilianza kusema zenyewe. E ilijirudia kwenye kila Corolla: KE70, AE100, na baadaye NZE121. X ilikuwa ya Mark II, kama GX90. H ni Hiace, J ni Land Cruiser. Herufi za mwanzo zilibadilika kufuata injini: LH ni Hiace yenye dizeli ya ukoo wa L, HZJ75 ni Land Cruiser yenye 1HZ.

Injini nayo ina lugha yake. Mafundi wengi, hata wazuri, waliamini namba ya mbele ni ukubwa. Siyo. Ni ya ngapi katika ukoo wake, ndiyo maana 5A ni ndogo kuliko 4A, na 2NZ ni ndogo kuliko 1NZ. Baada ya kistari, F ni kamshafti mbili zenye valvu zilizokaribiana pembe, kwa ajili ya kubana mafuta. G nazo ni mbili, ila valvu zimetanuliwa kwa ajili ya mbio. T ni tabo. E ni petroli inayopulizwa kwa umeme, hivyo 4A-F isiyo na E ni ya kabureta. Mteja akitamka 4A-F nilishajua nisimpelekee nozeli.

Namba za kwenye maboksi ya spea za Toyota zilikuwa rahisi zaidi. Tarakimu tano za kwanza zinasema ni kifaa gani, zinazofuata zinasema ni cha nani: 90915 ni filta ya oili, 04465 pedi za breki za mbele, 48510 shokapu ya mbele kulia, 48520 ya kushoto.

Halafu siri ikatoka dukani ikaingia mtaani. Vijana wakaacha kusema Mark II, wakasema GX 100, hata wasiojua boneti inafunguliwaje. Simu zikamalizia. Leo fundi wa Songea ananirushia picha ya kibati kwa WhatsApp, kijana wangu anaingiza namba ya chesisi kwenye programu, mchoro wa gari zima unajitandaza, na mzigo unapanda basi la alfajiri. Daftari halifunguliwi.

Ila programu inaijua siku gari lilipotoka kiwandani tu. Kibati ni cheti cha kuzaliwa, na magari yetu yameishi maisha marefu tangu hapo. IST ya NCP60 ilizaliwa na 2NZ ya cc 1298. Mwenyewe akitaka nguvu anaifunga 1NZ ya cc 1497 iliyotoka kwenye Probox. Silinda zote zina kipenyo cha milimita 75, lakini mwendo wa pistoni ni 73.5 kwa moja na 84.7 kwa nyingine, na kranki ya huyu haikai kwa yule. Kwa hiyo siku hizi nadai picha mbili, ya kibati na ya namba iliyogongwa kwenye bloku. Nikiwa na shaka nasema kama mjomba: lete sampuli.

Juzi kijana wa gereji ya Tabata kanitumia namba ya injini: M15A-FKS. Hapa Toyota wamegeuza mpangilio: 15 ni lita moja na nusu, yaani ukubwa wenyewe, kile ambacho mafundi wa zamani walikidhania miaka yote. F tumezoeana. S ni petroli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Mjomba, ambaye sasa huja dukani kwa ajili ya kahawa na magazeti, aliuliza ina silinda ngapi.

“Tatu, mjomba.”

“Tatu? Kwenye gari la watu?” Akataka tumpeleke Tabata akaione.