Siku ya Zamu ya Mama Mkwe

Huyu dada ni wa Tanga, Ngamiani kabisa, na kabla hajaolewa alikuwa anaijua Uturuki kwa vitu vitatu tu: tamthilia, nguo za Kariakoo, na mwanaume mmoja aliyekuja Tanzania kufanya kazi kwa mkandarasi wa reli ya SGR. Tamthilia ndizo zilizomdanganya. Kule mama mkwe anakaa kwenye jumba ufukweni mwa Bosphorus, anatoa amri kwa wafanyakazi sita. Mama mkwe wake yeye anakaa Üsküdar, upande wa Asia wa Istanbul, ghorofa ya nne, lifti hakuna, na amri zote anazitoa kwa mtu mmoja.

Siku ya kwanza alipofika, kwa woga aliinama akaubusu mkono wa bibi na kujikuta anasema, "Shikamoo mama." Bibi akajibu, "Merhaba." Yaani dada alitaka kulia kwa furaha. Kumbe na huku wanaitikia! Ilimchukua wiki nzima kujua kwamba merhaba kwa Waturuki ni salamu ya mtu yeyote, hata muuza mkate anapewa, na kwamba shikamoo yake ilikuwa bado haijaitikiwa na mtu.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Jikoni aliruhusiwa kuosha vyombo, kuchemsha chai na kukatakata maydanoz, yale majani yanayofanana na giligilani. Kukaanga hapana. Kukunja hapana. Akisogea kwenye meza ya unga, bibi anampisha kwa kumpa beseni la vyombo. Na dada huyu si kwamba hajui jiko. Mama yake ndiye aliyekuwa akiuzia nusu ya mtaa manda za sambusa kila Ramadhani.

Mwezi wa pili, siku ya mvua, bibi akateleza kwenye ngazi. Mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Hospitali wakamfunga hogo, wakasema wiki sita. Na zamu yake ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili.

Zamu ya nini? Wamama wa kule wana kitu kinaitwa altın günü, siku ya dhahabu. Usiogope jina, ni mchezo. Upatu. Wanawake wanajikusanya, kila mwezi wanakwenda nyumbani kwa mmoja wao, na kila anayekuja anamletea mwenye nyumba sarafu ya robo ya dhahabu, wenyewe wanaiita çeyrek. Dhahabu ilivyopanda bei vikundi vingine vimehamia kwenye pesa taslimu, hata dola, lakini hawa wa Üsküdar walishikilia dhahabu yao. Wako 12, kwa hiyo mwenye zamu anaondoka na robo 11. Dada aliposimuliwa mara ya kwanza alicheka peke yake; mama yake ana mchezo wa Ijumaa na wenzake wa mtaani miaka yote. Tofauti ni kwamba hawa wa Istanbul lazima uwalishe, tena uwalishe hasa.

Zamu ingeweza kubadilishwa. Wifi alishauri hivyo hivyo. Lakini nafasi iliyokuwa inapatikana ilikuwa ya Desemba, na mkataba wa kazi wa mume wa dada ulikuwa umekwisha, mwezi wa nne yuko nyumbani. Watatu wanaishi kwa pensheni ya marehemu baba mkwe, na mwenye nyumba ameshaleta kodi mpya. Bibi hakulisema hilo kwa sauti. Alisema tu zamu haiahirishwi, akanyamaza.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mmoja wa wale wamama, katika gün ya huko nyuma, aliuliza mbele ya dada kama wasichana walikuwa wamekwisha Uturuki nzima. Alidhani dada hasikii Kituruki. Dada alisikia. Alimmiminia chai, akaongeza sukari, akarudi jikoni.

Sasa meza ya siku ile ina mambo mengi. Kuna kısır, ile saladi ya ngano iliyopondwa na nyanya ya kopo, kuna keki, kuna maandazi ya chumvi ambayo unaweza kununua na mtu asijue. Jirani wa chini alijitolea keki. Wifi akabeba kısır. Kikabaki kitu kimoja, ndicho ambacho mama mkwe huyu anasifika nacho mtaa mzima: vile vijiti vya kukaanga vyenye jibini ndani, vyembamba kama kidole, vinavyopasuka kwa mlio ukiuma.

Jina lake la kawaida ni sigara böreği, kwa sababu vinafanana na sigara. Dada aliwahi kuvitaja hivyo pale nyumbani, alivyoona mtandaoni. Sebule ikawa kimya. Baadaye mumewe ndiye aliyemweleza: baba yake alikufa kwa mapafu, alivuta pakiti mbili kwa siku miaka 30, na tangu azikwe neno sigara halitamkwi mbele ya mama, hata kwenye chakula. Kwao vinaitwa kalem böreği, jina jingine ambalo Waturuki wengi wanalitumia. Kalem ni kalamu. Neno lilelile, limefika Tanga na Istanbul kwa mlango mmoja wa Kiarabu. Dada alilipenda jina hilo hata kabla hajaruhusiwa kugusa chakula chenyewe.

Alhamisi wakafanya jaribio. Bibi kakaa kwenye kiti, mkono umening'inia shingoni, kazi yake kuelekeza. Dada akatumwa kwa muuza yufka barabara ya nyuma, duka dogo ambalo kazi yake ni hiyo tu. Akakuta mwanaume anasukuma unga kwa mti mrefu mwembamba mpaka unakuwa duara pana kama sinia la kulia watu sita, kisha anautupa juu ya chuma cha moto, sekunde chache, anageuza, anatoa. Dada akasimama mlangoni. Harufu ile! Ni manda. Kwao mama yake anapaka madonge mafuta na unga, anayabandika, anayasukuma kwa pamoja, anachoma kwenye chuma cha chapati na kuyabandua yangali ya moto, vidole vinaungua na mdomo unaimba. Njia tofauti, harufu ile ile. Akanunua yufka tatu, akapanda ngazi za ghorofa nne anajiambia, hili nitaliweza.

Hakuliweza.

Jibini jeupe la kule linakaa kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo bibi alimwambia alilowanishe usiku kucha ili chumvi ipungue. Sawa. Asubuhi akalivuruga kwa uma, akachanganya na maydanoz. Hakuna aliyemwambia alikamue kwanza. Kwa bibi hilo si jambo la kusema, ni kama kumwambia mtu avue viatu kabla ya kulala. Akazikata yufka kila moja vipande 16 vya pembetatu, akaweka jibini upande mpana. Na hapo mkono wa Tanga ukamponza: akajaza kama anajaza sambusa. Akakunja pembeni, akavingirisha, ncha akailowesha maji kama alivyoelekezwa, akatumbukiza kwenye mafuta ya alizeti.

Cha kwanza kilifunguka. Cha pili kikafunguka. Cha tatu kikatema jibini, maji yakakutana na mafuta, karai likalia kama mvua ya bati, matone yakamrukia mkononi. Akazima moto. Kwenye mafuta kulikuwa na mabomba matupu yanaelea, na jibini limegeuka mchanga wa kahawia. Bibi akanyanyuka, akachungulia, akasema neno moja: "Olmadı." Haikuwa.

Neno hilo Waturuki wanalisema kwa kila kitu, hata shati lisipokutosha. Lakini mwenye kidonda mkononi na kodi kichwani analisikia kivingine. Usiku akampigia mama yake. Shikamoo, marahaba mwanangu, halafu kimya kirefu. Akamweleza kuhusu chizi kulia majini na vijiti kufunguka. Mama yake hajawahi kuonja hiyo kitu maishani mwake, lakini alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mmegundisha na nini?"

"Maji."

"Maji yanagundisha nini, mwanangu?"

Ukweli ni kwamba maji yanagundisha, kwa mtu aliyekunja miaka 40 na anayejua kubana. Yanalainisha ncha ya yufka ikajishika yenyewe. Yufka ikiwa imekauka kidogo au mkono ukilegea, ikigusa mafuta tu inaachia. Ndiyo maana wapishi wa sambusa hawana mchezo na hilo: unga wa ngano kidogo, maji kidogo, unakoroga mpaka uji mzito, unapaka. Ukigusa moto unaganda, basi tena, hata uutikise.

Ijumaa akapendekeza. Bibi akatikisa kichwa. "Su yeter." Maji yanatosha. Kwao hawapaki unga, unga unafanya ncha iwe ngumu, vinaonekana vya kiwandani. Maneno hayo yalisemwa na mtu asiyeweza kufunga hata kifungo cha sweta yake mwenyewe.

Jumamosi dada aliamka kabla ya alfajiri. Jibini alilitia kwenye kitambaa akalinyonga mpaka halina tone. Yufka akazifunika kwa taulo bichi zisikauke. Safari hii aliweka jibini kama mstari wa penseli, si zaidi, akaacha nafasi pembeni za kukunjia. Akavingirisha kwa kubana, na kwa kuwa bibi alikuwa anaangalia, ncha akazilowesha maji. Vijiti 20 vikakaa kwenye sinia, vyembamba, vimenyooka. Hata yeye aliona vimependeza. Lakini ncha zilikuwa zinanyanyuka moja moja, polepole, kama kope za mtoto anayejifanya amelala.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Bibi akaingia chumbani kuswali.

Dada alikuwa na dakika kama kumi. Kijiko cha unga, maji, akakoroga kwenye kikombe cha kahawa. Akapitia vyote 20 kwa kidole, ncha kwa ncha, halafu akaendelea na vilivyobaki, 48 jumla. Bibi alipotoka, kikombe kilikuwa kimeshaoshwa. Akaangalia sinia, akaangalia sinki. Hakusema kitu.

Wamama wakaja saa nane, viatu vimejaa koridoni, manukato mpaka kwenye ngazi. Dada akakaanga wageni wakiwa wamekaa, kwa sababu vikipoa vinalegea. Moto wa kati, upande wa mshono kwanza chini, anageuza geuza mpaka rangi ya asali, anatoa kwenye karatasi. Hakuna hata kimoja kilichofunguka. Alihesabu. Alikuwa anavihesabu kama mtu anayehesabu watoto baharini.

Sebuleni ikasikika ile milio ya kuuma, moja baada ya nyingine. Halafu sauti, ya yule yule mama wa wasichana waliokwisha Uturuki: hivi vyako mbona havifunguki, vyangu siku hizi vinamwaga jibini lote. Dada alikuwa mlangoni na birika. Macho yakamgeukia bibi, kwenye hogo lake, kisha kwa dada.

Bibi akasema, "Bizim usul." Ni namna yetu.

Hakusema zaidi. Akainua glasi ya chai kwa mkono wa kushoto, mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya mtoto wa fulani. Kila anayeondoka akaacha robo yake kwenye kifuko cha satini. Robo 11, zikahesabiwa mara mbili.

Usiku dada alifura. Mumewe, masikini, alidhani anamfurahisha: si umeona, kakutetea! Kumtetea wapi? Mtu anakatazwa unga, anaupaka kwa kuiba, anaunguzwa mkono, halafu sifa inakwenda kwa "sisi". Namna yetu, sisi nani? Wa Üsküdar? Wa Ngamiani? Au bibi aliona aibu kusema mbele ya watu kwamba amefundishwa na mkwe? Mume akasema Kituruki hakisemi "yangu" kwenye mambo ya nyumbani, kinasema "yetu", hata mtu akiwa peke yake. Inawezekana. Dada akamgeuzia mgongo.

Kodi ililipwa. Mwezi wa tatu ukaisha, hogo likafunguliwa, mkono ukatoka mwembamba na mgumu, vidole haviwezi kubana vizuri. Jumapili moja bibi akasema watengeneze kalem za kuweka kwenye friza, zinakaangwa hivyo hivyo bila kuyeyushwa akija mgeni wa ghafla. Dada akatandaza yufka, akakamua jibini, akaleta bakuli la maji kama kawaida, akaliweka mbele ya mama mkwe.

Bibi akaliangalia lile bakuli. Akanyanyuka, akafungua kabati la unga, akachota kijiko kimoja, akakoroga kwa kidole.

Dada akachungulia. "Mwepesi huo, anne. Ongeza kidogo."

"Yeter," akasema bibi, na kuvuta yufka ya kwanza.