Nilimwahidi baba mkwe kanga, nikampelekea jogoo!

Mpenzi msomaji, mdomo huponza kichwa. Mimi wangu uliniponza nyumbani kwa akina mchumba wangu, Bombambili, hapa hapa Songea. Tulikuwa tumekaa barazani, mwezi wa kumi na moja, mzee akaniuliza kama sisi vijana wa Kingoni wa siku hizi tunajua kuwinda chochote zaidi ya chaji ya simu. Mchumba alikuwa pembeni anacheka chini chini. Sifa zikanipanda. Nikajibu, "Mzee, Krismasi hii nakuletea kanga wa porini. Namwinda mwenyewe."

Mzee akasema, "Haya, tunasubiri."

Kusema ule ukweli, nilikuwa sijawahi kuwinda hata njiwa.

Basi bwana, nikakimbilia kijiweni Mfaranyaki. Washikaji wangu watatu wakaipokea hoja kwa shangwe. Mmoja alishaona video ya Wamarekani wakiwinda bata mzinga wa porini. Wamevaa nguo za mabakamabaka, wameegemea mti, wanapuliza vipenga vinavyoigiza sauti ya jike, dume anakuja mwenyewe mkia kautanua. Tukaona kumbe kazi ndogo. Tukachanga elfu ishirini kila mtu, mimi nikawa mweka hazina. Tukaandika bajeti nyuma ya daftari: nauli ya kwenda na kurudi upande wa Namtumbo, unga, dagaa, chumvi, viberiti, betri za tochi. Bunduki? Mjomba wangu wa huko ana gobore. Tukapeana mikono, mambo yameiva.

Jumamosi nikapanda gari kwenda kwa mjomba kupanga naye. Nilimkuta ananoa jembe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Leo umekumbuka nini?"

Nikamweleza mpango wote mpaka betri za tochi. Akanisikiliza bila kuacha kunoa. Kisha akauliza, "Leseni ya kuwinda mnayo?"

Nikabaki natoa macho. Mjomba akasema kibali cha gobore ni chake yeye, si cha kijiwe chetu. Halafu kumiliki bunduki ni jambo moja, kuwinda ni jambo jingine. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni, hata kama unachokitaka ni ndege mmoja wa kumlainisha mkwe.

Nikadhani amemaliza, kumbe bado. "Na nani kakwambia Krismasi ndiyo wakati wa kanga?"

Hapo ndipo nilipopata darasa. Wakati wa kiangazi kanga wanatembea makundi makubwa. Asubuhi na jioni wanapekua mashambani na kushuka kwenye maji, usiku wanalala juu ya miti. Wanapenda kukimbia kuliko kuruka, kwa hiyo mtu mwenye haraka anabaki anafukuza vumbi. Mvua zikianza, kundi linavunjika. Dume na jike wanakaa wawili wawili, jike anataga chini kwenye majani na kuatamia karibu wiki nne. "Ukimuua mama Desemba," mjomba akasema, "umekula na kundi la mwakani."

Nilipotulia nikasoma habari za hao Wamarekani tuliotaka kuwaiga. Kumbe na wao walishachinja bila mpango, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 bata mzinga wa porini alikuwa karibu kuisha. Wakaweka misimu, wakahamisha ndege kutoka sehemu walikobaki, sasa wako tele. Katika majimbo mengi, msimu wa machipuko wanaruhusu madume tu. Kwa maneno mengine, mjomba wangu asiyejua kuwasha video alikuwa anasema yale yale. Halafu kuna kichekesho. Waingereza walimwita kanga ndege wa Uturuki, kwa sababu aliwafikia kupitia wafanyabiashara wa huko. Walipomwona bata mzinga wa Marekani wakamchanganya naye, wakamvisha jina hilo. Jina lenyewe ni la kanga wetu!

Nikarudi kijiweni kichwa chini. Nikawaambia safari haipo, tusubiri kiangazi na tuulizie leseni. Mshikaji mmoja, tumwite Fundi maana anatengeneza simu, akanicheka.

"Unahangaika na gobore la nini? Tunachukua mahindi kidogo, tunachanganya na dawa ya wadudu ya shambani, tunamwaga wanapokunywa maji. Asubuhi tunaokota tu. Hakuna mlio, hakuna leseni. Na mteja wa kumi na tano nimeshampata."

Wenzake wakaanza kutabasamu. Mimi mwili ukanifa ganzi.

Nilipokuwa kidato cha pili, mama alinunua kanga barabarani, bei ya kutupa. Akampasua, utumbo akamrushia mbwa wetu, Simba. Sufuria haijachemka, Simba akaanza kutetemeka na kutoa povu. Hakuchukua muda. Mama hakusema neno. Aliipua sufuria, akachimba shimo nyuma ya choo, akamwaga nyama yote, akafukia. Usiku ule tulikula ugali kwa chumvi, na wadogo zangu walilia wakidhani wananyimwa nyama. Sumu ile moto hauimalizi. Ingekuwa mama hakumrushia mbwa, leo safu hii ingeandikwa na mtu mwingine.

Nikawasimulia. Fundi akasema, "Mbwa mmoja kafa enzi hizo, ndiyo tusile?"

Nikatoa pesa mfukoni, kila mtu nikamrudishia elfu ishirini yake. Usiku nikampigia mjomba, nikamwambia akiona vijana wa mjini na gunia la mahindi, awe macho. Sumu ni njia iliyokatazwa na sheria, hata mwenye leseni haruhusiwi kuitumia. Fundi hakwenda tena, ila alijua nani alipeleka maneno. Nikabatizwa Afisa Nyamapori, tena mnoko. Tumesoma naye tangu darasa la kwanza, leo tunasalimiana kama watu waliokutana foleni ya benki.

Krismasi ikafika. Nikaenda Bombambili na jogoo wa mama kwapani. Mzee akamtazama jogoo, akanitazama mimi. "Kanga wako kaota upanga?"

Nikamsimulia yote, na Simba nikamtaja. Nilitegemea kicheko, lakini mzee alinyamaza kitambo. Kisha akaita jikoni, "Chinjeni huyo jogoo." Akanigeukia: "Kiangazi niletee huyo mjomba wako, tukaulizie leseni."

Mchumba bado wangu. Nyama ya kanga sijaila. Na wewe msomaji, ukisimamishwa barabarani na muuza kanga wa bei chee, muulize kwanza alikufaje. Akianza kujiumauma, panda gari lako uende.

Tukutane wiki ijayo.