Pembe nyeusi za foto

Butembo na Beni watu wengi wananionyesha foto kwenye simu zao na kuniuliza neno moja: kwa nini katikati kunaonekana vizuri, lakini pembeni kuna giza?

Mwenye albamu nzima nyumbani anaweza kulicheka jambo hilo. Familia iliyokimbia Eringeti, Mbau au kusini mwa Lubero na kufika na foto moja tu haicheki. Angalieni namna tunavyojipanga mbele ya kamera. Mzee na mama wanakaa katikati, watoto wa nyumba wanawazunguka. Anayesimama pembeni kabisa ni yule aliyefika juzi: shangazi mjane, mtoto wa jirani aliyeokotwa njiani, mpwa ambaye wazazi wake hawajulikani walipo. Giza linaanza kwake. Na sura yake ndiyo itakayotafutwa kesho. Goma, baada ya 1994, watoto waliopotezana na wazazi walipigwa foto mmoja mmoja ili wazazi wawatambue kwa sura. Sura iliyomezwa na giza haitambuliki.

Giza hilo lina sababu. Mwanga unaofika pembeni mwa foto unaingia kwenye lenzi kwa mshazari, kwa hiyo unafika kidogo. Tena ukingo wa bomba la lenzi unauziba kwa sehemu. Mwenye kamera kubwa ajaribu hivi: afungue tundu la lenzi lote, aielekeze dirishani, kisha aichungulie kwa upande. Ataona tundu si duara tena, limekuwa kama jicho la paka. Akilifunga kidogo, kutoka namba 2.8 mpaka 5.6, duara linarudi, na giza linapungua sana.

Ndiyo maana foto za ndani ya hema au chini ya bashi zinaharibika zaidi. Mwanga ni mdogo, kamera inafungua tundu lote. Tokeni nje, mkae kwenye kivuli cha nyumba au mti, mbali na jua kali la saa sita. Mpiga foto arudi nyuma hatua mbili tatu, aache nafasi tupu kulia na kushoto, watu wakae ndani zaidi. Hatua hizo hazilipiwi hata franka moja, nami naziamini kuliko mashine yoyote.

Kama weusi ni mkali, umekatika kama kwa kisu, msiilaumu lenzi. Ni kikinga jua kilichofungwa vibaya, au filta mbili zimepandana. Kwa simu, mara nyingi ni kava lililosogea mbele ya lenzi. Weusi ukiwa pembe moja tu, tazameni kidole kwanza!

Foto ikishapigwa, programu za kompyuta, na hata za simu, zinaweza kuangaza pembe. Lakini ukizidisha, zinatokea chenga, na uso unakuwa kama umemwagiwa mchanga. Wenye studio wengi wanapenda njia fupi: kukata pembe zote, foto inabaki safi. Hapo mimi nakataa. Kabla ya mkasi, ulizeni ni nani anasimama pale. Afadhali foto yenye giza kuliko foto nzuri isiyo na yule mtoto. Na ile ya kwanza msiifute. Fanyieni kazi nakala.

Yule wa pembeni mpigeni foto yake peke yake, katikati, siku hiyo hiyo. Nyuma ya karatasi andikeni kwa kalamu ya risasi jina lake, la wazazi wake na la kijiji alichotoka. Kama anatafuta wazazi, foto hiyo msiirushe kwenye makundi ya WhatsApp, maana hamjui nani anaitazama. Pelekeni kwa Msalaba Mwekundu. Wana kazi hiyo ya kutafuta jamaa waliopotezana, na hawatozi pesa.