Jina Ambalo Sikuliandika



Hivi karibuni, baada ya mafundisho ya Kipaimara, kijana mmoja anayesoma mwaka wa pili wa chuo alinijia na swali ambalo wengi wenu mmekwisha kuniletea kwa namna mbalimbali. Alisema: "Mwalimu, mimi napenda kuchora, napenda kwaya, napenda kufungua simu zilizokufa na kuzifufua. Lakini kazi niliyoipata ni ya kuhesabu makreti ya vinywaji katika depo ya mtu. Je, yale ninayoyapenda yana faida gani?" Mvua ilikuwa inakaribia, nami nikampa jibu fupi. Jibu refu ndilo hili, na ili nilitoe sina budi kusimulia jambo ambalo sijivunii.

Nilizaliwa katika nyumba ya mwalimu wa shule ya msingi. Baba alinifundisha kuandika kwa chaki juu ya ubao mdogo kabla sijaanza darasa la kwanza, wala hakuniruhusu kuhamia herufi nyingine mpaka ile ya kwanza isimame sawasawa. Hivyo nilikua nikipenda mwandiko kama wenzangu walivyopenda mpira. Nilipoingia chuo cha ualimu mjini Bukavu, nilitumia jioni zangu kunakili nyimbo za kwaya ya parokia. Hatukuwa na fedha za kutoa nakala kwa mashine, na wanakwaya walizidi 30. Wenzangu walinicheka wakisema kwamba mwandiko mzuri haumshibishi mtu.

Wanaoukumbuka mwaka 1993 wanajua maisha yalivyokuwa. Fedha yetu ilipoteza thamani kila wiki, hata mwezi wa Oktoba serikali ikatoa zaire mpya, moja ikichukua nafasi ya milioni 3 za zamani. Mshahara wa walimu wa serikali ulikuwa umebaki jina tu. Wazazi wenyewe walichanga ili walimu wasiache kufundisha, na desturi hiyo mnaijua, kwa kuwa wengi wenu mmesoma kwa njia yake. Baba hakuweza tena kunilipia minervali. Ndipo mzee mmoja wa kwaya, aliyekuwa na daftari la nyimbo nililolinakili, alilionyesha kwa mwenye mashua iliyosafirisha watu na mizigo kati ya Bukavu na Goma. Mtu huyo alikuwa anatafuta karani mwenye mwandiko unaosomeka. Nikaajiriwa bila kuulizwa swali lolote.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia yule kijana ni hili: unalolipenda si upotevu wa wakati. Lile ambalo wenzangu walilicheka ndilo lililonifungulia mlango wa kazi yangu ya kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Jioni mbili kila juma niliketi mezani karibu na daraja la mbao la kupandia, nikiwa na kitabu na karatasi ya kaboni. Niliandika jina la kila msafiri na mizigo yake: magunia ya maharagwe, vitanda, mbuzi, makatoni ya sabuni. Karatasi ya juu ilipelekwa ofisi ya bandari, na nakala ikabaki kitabuni. Nilijifunza mengi mezani pale. Nilijifunza kufika kabla ya wakati, kwa maana mashua haimngojei karani. Nilijifunza kumwuliza mama mzee jina lake kwa heshima, na kumngoja anapolitafuta lile la Ubatizo ambalo watu hawamwiti kila siku. Tena nilijifunza kwa mbeba mizigo mmoja asiyejua kusoma, ambaye alikumbuka kichwani mwake kila gunia na mwenyewe, wala sikumwona akikosea. Mimi, mwana wa chuo, nilimwendea yeye kila kitabu changu kiliponichanganya.

Lakini tangu juma la kwanza mwenye mashua alinipa amri moja. "Ukifika 80, funga kalamu." Mashua ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria 80. Waliokuja baada ya hao walilipa nauli kama wengine, wakapanda kama wengine, lakini hawakuandikwa. Nauli zao hazikuingia kitabuni, na usiku ulipofika nami nilipewa kidogo, "cha sabuni," kama tulivyozoea kusema.

Dhamiri yangu ilisumbuka kwa siku chache, kisha nikaipatia maneno ya kuituliza. Nilijiambia: mimi siibi, mimi siandiki uongo, kila jina lililo katika karatasi yangu ni la mtu aliyemo melini kweli. Na hiyo ilikuwa kweli. Uongo ulikuwa katika majina niliyoyaacha. Kwa fedha ile nililipa minervali ya muhula, na siku ya Jumamosi, kwa mkono uleule, niliendelea kunakili nyimbo za kumsifu Mungu.

Jioni moja, kitabu kikiwa kimekwisha kufungwa, alikuja mvulana wa miaka 16 hivi, akiwa na mfuko wa shule begani. Alikuwa anakwenda Goma kwa mjomba wake. Alinipa nauli, akataja jina lake, kisha akalitaja tena polepole, akiitazama kalamu yangu. Nadhani alifundishwa nyumbani kwamba msafiri huandikwa. Nilimwambia: "Panda, mdogo wangu, imetosha." Akapanda.

Usiku ule upepo ulivuma juu ya ziwa, na asubuhi mashua haikufika Goma. Wakati huo hatukuwa na simu za mkononi. Habari ilitufikia kwa fonia ya mapadri: huko wanangoja, na hakuna kinachoonekana. Kufikia saa tatu ufuko ulikuwa umejaa watu. Mama mmoja aliyeshuka kwa miguu kutoka Kadutu alipenya katikati yao, akaja mpaka mezani pangu. Akaniambia: "Mwanangu, wanasema wewe ndiwe mwenye kitabu. Niangalizie jina la mtoto wangu."

Nilikifungua kitabu. Nilijua tangu alipolitaja jina kwamba halimo, hata hivyo nilipitisha kidole juu ya majina yote 80, moja baada ya jingine, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kufanya jambo lingine. Mama huyo hakujua kusoma. Alikifuata kidole changu kwa macho. Nilipofika mwisho nikasema: "Simwoni, Mama."

Vijana wapendwa, mama huyo alifurahi. Aliinua mikono akasema: "Basi hakupanda! Mungu asifiwe!" Alinishukuru, akanibariki, akarudi mjini kumtafuta mwanawe kwa ndugu na rafiki zake. Nami nilimwacha aende. Hata leo, baada ya miaka zaidi ya 30, ninaisikia ile shukrani yake.

Alasiri habari njema ilifika. Mashine ya mashua ilikuwa imezimika, na upepo ukaisukuma mpaka ufuko wa Idjwi. Watu wote walikuwa salama. Hakuna aliyekufa, na hakuna aliyenishtaki. Mwenye mashua aliniambia nisahau. Ningeweza kusahau, kama nisingalikwenda kuungama kabla ya sikukuu. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, kisha kitubio alichonipa hakikuwa sala peke yake: nilipaswa kumtafuta mama yule na kumwambia kweli.

Ilinichukua Jumapili tatu. Kadutu ni kubwa, nami nilijua jina la mwana tu. Mwishowe kiongozi wa shirika moja la mtaani alinipeleka mpaka mlangoni pake. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alinyamaza muda mrefu, akaniambia niketi, kisha akasema: "Mtoto wangu alirudi, nami nimekusikia. Lakini wale wengine ambao huwaandiki, nao wana mama zao. Hao utawaambia nini?"

Juma lililofuata nilimwambia mwenye mashua kwamba nitaandika kila anayepanda. Alicheka, akasema kwamba kuna vijana wengi wanaojua kuandika. Kazi yangu ikaishia hapo. Sitaki kuwadanganya kwa kusema kwamba Mungu alinipatia kesho yake kazi iliyo bora. Minervali ya muhula uliofuata ilinishinda, sikuruhusiwa kufanya mitihani, nikamaliza chuo mwaka mmoja baada ya wenzangu. Baba, alipojua sababu, hakusema neno. Aliniwekea mkono begani, basi.

Katika mwaka ule wa kukaa nyumbani paroko aliniita. Kitabu cha zamani cha Ubatizo kilikuwa kimeliwa na mchwa pembeni, naye alitaka kinakiliwe chote kabla hakijaharibika zaidi. Hakukuwa na mshahara, ila chakula cha mchana. Niliandika kwa miezi mingi: jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, siku. Nilipokuwa nikiandika nilianza kuelewa kwamba Kanisa halibatizi umati. Humbatiza mmoja mmoja, na kwa jina lake. Katika Injili ya Yohane Bwana wetu hujifananisha na mchungaji awaitaye kondoo wake kwa majina. Hajifananishi na mtu awahesabuye mpaka 80, kisha akafunga kitabu.

Hapo ndipo nililiona kosa langu lilipoanzia. Halikuanza na zile fedha za sabuni. Mimi nilipenda herufi, lakini nilikuwa sijajifunza kuwapenda wenye majina. Kipaji changu kilikuwa kizuri, na kwa sababu kilikuwa hakina mwenyewe, mtu wa kwanza aliyekuja na fedha akakifanya chake.

Mtazameni sasa kijana mwingine wa Kivu. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta huko Roma, Kanisa lilimtangaza Floribert Bwana Chui kuwa Mwenye Heri. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, naye katika jumuiya ya Sant'Egidio alitumia wakati wake pamoja na watoto wa mitaani. Alipoajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, aliletewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa nyara, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26.

Mara nyingi nimejiuliza nguvu hiyo aliitoa wapi, yeye aliyekuwa bado mgeni kazini. Nadhani sehemu ya jibu ni hii: alipoliona gunia, aliwaona watakaokula. Watoto wa maskini hawakuwa kwake hesabu. Alikuwa amekwisha kuketi nao. Alichokipenda nje ya kazi kilimlinda ndani ya kazi. Mimi mezani pangu niliiona karatasi tu.

Wala msidhani kwamba haya ni mambo ya zamani. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, machoni pa watu waliokuwa wakiingoja ufukoni. Siku zile, niliposikia jinsi familia zilivyohangaika kuwatafuta watu wao, na jinsi ilivyokuwa vigumu kujua idadi kamili ya waliokuwamo, sikuweza kulala. Niliiona tena meza yangu, na kidole changu kikishuka juu ya majina.

Kwa hiyo, mwanangu mwenye kuchora na kuimba na kufufua simu, hili ndilo jibu langu. Usiyaache unayoyapenda kwa sababu umepata makreti ya kuhesabu. Yatunze, lakini uyape mwenyewe: chora kwa ajili ya mtu fulani, imba kwa ajili ya mtu fulani, mtengenezee simu mjane wa jirani yako. Ukizoea kuwaona watu katika unayoyapenda, utawaona pia katika usiyoyapenda. Na katika depo ile, siku utakapoambiwa uandike makreti pungufu, ujue kwamba hapo ndipo kazi yako ya kwanza inaanza kweli. Ukikataa mapema, utapoteza kidogo. Mimi nilichelewa, na aliyelipa ni mama wa mtu.

Kwa ajili ya vikundi, natoa maswali haya kwa kufuata njia ya Kuona, Kupima na Kutenda, ambayo Padri Joseph Cardijn aliwaachia vijana wafanyakazi wa Kikristu.

Kuona: Je, katika kazi ndogo unayoifanya sasa, au anayoifanya ndugu yako, ni nini kinachoachwa bila kuandikwa, na ni nani anayeumia kwa sababu hiyo?

Kupima: Je, ni maneno gani tunayotumia kuituliza dhamiri yetu? Yalinganisheni na mafundisho ya Bwana kuhusu uaminifu katika mambo madogo, Luka sura ya 16.

Kutenda: Je, kila mmoja wetu ana kipaji gani, na juma hili atakitumia kwa ajili ya nani? Mtajeni mtu huyo kwa jina.

Tumwombe Mwenye Heri Floribert awaombee vijana wote wanaoanza kazi. Nami naomba mnikumbuke katika sala zenu, pamoja na wasafiri wote wa ziwa letu, walioandikwa na wasioandikwa.