Tembo Wangu Hali Mtama

Mtu wa kwanza kukikataa kitabu changu cha picha alikuwa na umri wa miaka saba. Ilikuwa mwezi wa tano, barazani kwa kaka yangu, Mgori. Nilikuwa nimekwenda na nakala ya majaribio, karatasi zilizochapwa kwenye steshenari moja mjini Singida na kubanwa pini mbili, ili niwasomee watoto kabla mchapishaji hajaipeleka kiwandani. Walikaa watano kwenye mkeka. Wifi alikuwa amelala ndani, mchana kweupe, nikadhani anaumwa, nikapunguza sauti.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mtoto wa tembo amepotea njia, msichana mmoja anamkuta kisimani, anamrudisha msituni kwa mama yake. Njiani wanapita katikati ya shamba la mtama, kurasa za 10 na 11, ukurasa niliokuwa naupenda kuliko yote. Mchoraji alikuwa ameupamba kwelikweli: mtama umeiva, mashuke mazito, nyuma yake msitu wenye majani mekundu kama shaba, na tembo mdogo anatembea huku mkonga umeshikwa na msichana.

Mtoto wa kaka akaweka kidole juu ya karatasi. "Shangazi, huyu tembo ameshiba?"

"Kwa nini?"

"Amepita kwenye mtama na hajala."

Wenzake wakacheka. Kaka yake mkubwa, wa darasa la sita, akasema labda ni tembo wa Dar. Kisha na yeye akainama kutazama, akaongeza la kwake: majani ya miombo yakiwa mekundu vile, mtama umeshavunwa na kuliwa zamani. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia kamba ya kiatu chako imefunguka.

Nimekuwa mwandishi wa makala za safari kwa miaka mingi, na hakuna mhariri aliyewahi kunikamata kwa makosa mawili katika ukurasa mmoja.

Makosa yale hayakuwa ya bahati mbaya. Yalitoka kwenye kazi yangu. Mwandishi wa safari anafika mahali siku mbili, tatu akibahatika, na analipwa kwa stori, siyo kwa siku. Kwa hiyo unajifunza kukusanya. Unachukua alfajiri ya Jumanne, mzee uliyemkuta Jumatano, na mvua uliyosimuliwa na dereva, unaviweka vyote kwenye asubuhi moja ya kupendeza. Si uongo hasa, kila kimoja kilitokea. Nimefanya hivyo Kilwa Kisiwani, nimefanya hivyo kwenye michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, na juu ya MV Liemba katika Ziwa Tanganyika, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa vitani, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927, na kila mwandishi anayeipanda anasimulia habari hiyo kama ameivumbua yeye. Msomaji wa gazeti la Jumapili hana namna ya kujua, maana hayupo huko. Makala ya safari inaandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo mahali panapoelezwa.

Mgori nilikwenda Oktoba mwaka mmoja, miombo ilipokuwa inachipua kabla ya mvua. Wale wasioujua msitu wa miombo hudhani majani mekundu ni ya kufa, kama kipupwe cha Ulaya, kumbe ndiyo machanga. Mchoraji wangu, kijana wa Dar es Salaam mwenye mkono mzuri sana, alibishana nami wiki nzima juu ya rangi ile. Alikuwa amechora migunga yenye vichwa bapa, ile miti ya kwenye mabango ya watalii. Nikamtumia picha za simu. Nilivyoshinda ule ubishi nilijiona mtetezi wa ukweli wa Singida. Kumbe nimechukua majani ya Oktoba nikayapandikiza juu ya mtama wa Mei.

Hilo la majani ni dogo, ninaweza hata kulicheka. La tembo ni jingine.

Safari ile ya Oktoba niliandika makala kuhusu msitu wa Mgori, na ilipendwa. Habari yake ni nzuri kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikuwa inajiandaa kuufanya hifadhi yake, hekta zaidi ya 40,000 za miombo upande wa mashariki, kuelekea Hanang na Kondoa. Wanavijiji wakakataa, wakasema msitu watautunza wao. Wenzao wa Duru-Haitemba, Babati, walikuwa wametangulia. Basi mwaka 1995 vijiji vitano, Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamghanga, vikakabidhiwa kila kimoja sehemu yake, vikatunga sheria ndogo, vikaweka walinzi kutoka miongoni mwao. Wataalamu wa misitu kutoka nje wameuandika sana Mgori, sisi wenyewe kidogo mno. Nilijivunia kuandika habari ile kwa Kiswahili.

Kaka alinitembeza shambani siku zile zile. Alinionyesha mabua yaliyovunjika ya msimu uliopita, akanieleza namna tembo anavyoingia usiku bila kishindo, mnyama mkubwa vile, unasikia tu mabua yanakatika. Akanieleza kuhusu kifuta jasho. Kwa mnaoishi mjini: mnyama akiharibu shamba, fedha inayotolewa haiitwi fidia. Inaitwa kifuta jasho. Akiua au kujeruhi mtu, inaitwa kifuta machozi. Kanuni zipo tangu 2011, na zinahesabu kwa ekari, mwisho ekari tano. Sijui ni nani aliyeyachagua maneno hayo, lakini kwa kweli alikuwa na sikio la lugha: anakuambia kabisa kwamba kitakachokufikia ni kitambaa.

Vyote hivyo niliviandika kwenye daftari. Kwenye makala havikuwemo. Ningependa kusema mhariri alivikata, sisi waandishi tuna mazoea ya kuwasingizia wahariri, lakini nilivikata mimi mwenyewe, kwenye basi la kurudi Dodoma. Vilikuwa vinaharibu mwendo. Makala ilikuwa juu ya watu walioshinda, na tembo ndio waliokuwa ushahidi wa ushindi wao: tazama, msitu umepona, hata tembo wapo. Ukianza kueleza tembo wanakula nini, stori inakuwa nyingine.

Kitabu cha picha nilikidhani kitakuwa mapumziko kutoka kwa mambo kama hayo. Watu wengi wa kazi yangu hudhani hivyo. Maneno mia nne, kurasa 24, rangi, mwisho mwema. Tena tuna mifano ya kutia moyo. John Kilaka, mzaliwa wa upande wa Sumbawanga, alirudi kwao Rukwa kusikiliza wasimulizi wa hadithi, akazichora kwa mtindo wa Tingatinga, wanyama wamevaa mashati na vitenge. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Uswisi, kwa Kijerumani, mwaka 2001. Tololwa Mollel, wa Arusha, alikuwa akiishi Kanada alipoandika juu ya mtoto Saruni anayedunduliza sarafu anunue baiskeli ya kumsaidia mama yake kubeba mizigo ya sokoni. Kitabu hicho kilichapishwa Marekani mwaka 1999 kwa jina la "My Rows and Piles of Coins". Ninakipenda kwa sababu fedha ndani yake zinahesabiwa hasa. Halafu yupo Verna Aardema, mwalimu wa Michigan aliyekuwa pia mwandishi wa gazeti la mji wake, Muskegon Chronicle. Yeye hadithi za Afrika alizitafuta vitabuni. Ile ya mvua na uwanda wa Kapiti, iliyotoka 1981, imetokana na hadithi ya Wanandi iliyoandikwa na Hollis mwaka 1909. Mtu anaweza kumlaumu kwa kuchota maktabani. Mimi siku ile barazani sikuwa na mdomo wa kumlaumu mtu. Nilikuwa nimefika mwenyewe, mara mbili, kwa kaka yangu wa tumbo moja, na bado nimeleta tembo wa kufikirika.

Tofauti niliyokuwa sijaielewa ni hii. Hadithi ya fisi na sungura kila mtu anajua ni ya fisi na sungura, hakuna mtoto atakayeuliza shati la fisi lilishonwa na nani. Mimi sikuandika ya namna hiyo. Niliandika shamba, kisima na msitu wenye jina, nikasema huyu ni tembo wa Mgori. Basi mtoto wa Mgori ana haki ya kumkagua. Na mtoto anakagua vibaya sana, maana hatazami mnapotaka atazame. Mtu mzima husoma maneno na kupitisha jicho kwenye picha. Mtoto asiyejua kusoma vizuri ana picha tu, kwa hiyo anaisoma yote, hadi pembeni.

Usiku ule sikulala vizuri. Saa nane hivi nilisikia mlio wa debe kwa mbali, kisha mwingine, kisha sauti ya mtu anaita kwa Kinyaturu, kisha kimya. Asubuhi nikamuuliza mtoto, kama hadithi ingekuwa yake angefanyaje kwenye ukurasa ule. Akafikiri. "Aje usiku. Ale kidogo. Apigiwe debe. Akimbie." Nikamuuliza, sasa msichana atamrudishaje kwa mama yake? "Mama yake si yupo naye? Wanakujaga na mama zao."

Hadithi yangu nzima, yatima wa tembo na wema wa msichana, ilibomoka kwa sentensi moja. Wanakujaga na mama zao. Kweli, ndivyo wanavyotembea.

Nilirudi Dar es Salaam nikaandika upya. Msichana amelala kitandani, anasikia mabua. Tembo na mtoto wake wapo shambani. Debe linapigwa, moto unawashwa, tembo wanakimbia, mtoto wa tembo anabaki nyuma kidogo, yeye na msichana wanatazamana kwa mbali, wote wawili wameshtushwa usingizini. Basi. Hakuna anayemwongoza mwenzake popote. Maneno yalipungua hadi mia mbili na themanini.

Mchapishaji hakufurahi, na alikuwa na sababu. Kurasa nane za usiku zinakula wino na kwenye karatasi ya bei nafuu weusi unatoa doa hadi nyuma. Tena alikuwa ameshaona tembo yule mwenye tabasamu na kumpenda. Aliuliza kwa upole kama ninajua kwamba wanunuzi wa vitabu vya picha ni wazazi wa mjini na mashirika, na hakuna hata mmoja kati yao anayetaka tembo mwizi. Tembo siyo mwizi, nikasema. Akasema, ndiyo, lakini kwenye picha ataonekana mwizi. Tulivutana mwezi mzima. Mwisho akakubali kurasa sita za usiku, kwa sharti kwamba gharama ya kuchora upya ni juu yangu. Mrabaha wangu ni asilimia 10 na bado haujaanza kuingia, na mchoraji analipwa mara moja tu, kwa kurasa. Kwa hiyo nilikubali kazi niliyokuwa nimeikwepa, makala ya kurasa mbili juu ya hoteli za ufukweni, bwawa la kuogelea, machweo, samaki wa kuchoma. Niliiandika kwa siku moja na nusu. Machweo ya Ijumaa, samaki wa Jumamosi. Hela ilipoingia ikaenda yote kwa mchoraji, na akaniambia kwa mara ya kwanza amefurahia kuchora tembo, kwa sababu gizani unachora uzito tu.

Picha ya kurasa za 10 na 11 ilipokamilika nilimtumia kaka kwa simu. Mtama ni wa kijani kinachoanza kugeuka, miombo nyuma ni meusi, hakuna jani jekundu hata moja. Tembo wawili wanaonekana nusu. Mbele, kwenye mwanga wa moto, mwanamume amesimama na debe mkononi, mdomo wazi. Nilikuwa na uhakika nayo.

Kaka akajibu kwamba ni nzuri. Kisha simu ikachukuliwa, nikasikia sauti ya mtoto kwenye ujumbe wa kurekodi, anaongea karibu mno na kipaza sauti, na nyuma yake kuku.

"Shangazi, huyo anayepiga debe ni nani? Baba si anakaaga na moto. Debe anapiga mama."

Nikamkumbuka wifi, mchana ule, amelala ndani. Nikampigia mchoraji tena.