Nilitaja Mito ya Ulaya, Anti Akaniuliza Nani Alifunga Nzi

Wasee, leo wacha nianze kwa kukiri. Mwaka jana niliposti video inaitwa "Mito ya Kuvua Samaki Ulaya Kabla Hujafa". Mimi Ulaya sijawahi kufika. Mbali kabisa nimewahi kufika ni Mombasa, na ilikuwa harusi ya binamu. Klipu zote nilizitoa mtandaoni, zile za bure. Sauti nilirekodi chumbani kwangu hapa Kitale nikiwa nimejifunika blanketi ili boda za nje zisisikike.

Video ikaenda vizuri kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Duka moja la vifaa vya uvuvi la ng'ambo likanitumia pesa niweke linki yao chini ya video. Elfu nane. Kwangu mimi hiyo ni rent, na inabaki ya supu.

Kama hukuiona, ilikuwa kuhusu uvuvi wa nzi bandia. Huku kwetu tukienda Nzoia au Kuywa tulikuwa tunachimba nyungunyungu, tunaweka kwa ndoano, tunangoja kambare. Hawa wenzetu hawatumii nyungunyungu. Wanachukua ndoano ndogo, wanaifunga manyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu, halafu wanairusha juu ya maji kwa fimbo ndefu. Samaki anadhani ni mdudu ameanguka mtoni. Samaki wanayemtafuta sana ni trauti, ambaye anapenda maji baridi yanayokimbia.

Nikataja Soča kule Slovenia, maji yake ya kijani kama kioo cha chupa, yenye trauti wa madoa ya marumaru. Nikataja Test kusini mwa Uingereza, mto unaotoka kwa chemchemi za chokaa, maji safi mpaka unamwona samaki kabla hujamrushia. Huko Test kingo nyingi ni za watu binafsi, kwa hivyo unalipia siku moja kwa kipande kimoja cha mto. Nikataja Spey ya Scotland yenye samoni, na Tweed. Niliongea kama mtu aliyeamka huko juzi.

Sasa Desemba tukaenda kwa kukhu, Bungoma. Baada ya chakula watoto wakaanza kuonyeshana video zangu kwa simu. Anti yangu, dada ya babangu, alikuwa kando anachambua mboga. Akasikia sauti yangu, akaitisha simu. Akatazama mpaka mwisho bila kusema kitu. Akarudisha nyuma. Akasimamisha mahali nilipoweka picha ya nzi mmoja karibu kabisa, nikasema anaitwa Adams.

"Baba, huyu si Adams. Adams ni kijivu. Huyu ana uzi wa njano uliopakwa nta na waya ya dhahabu imezungushwa. Huyu ni Greenwell."

Nikacheka. Nikadhani ananitania. Yeye hakucheka.

Mimi nilijua Anti alikuwa Nairobi zamani "akifanya kazi ya kiwanda". Hakuna mtu alikuwa ameniambia ni kiwanda gani. Kumbe kwa miaka kumi na moja alikuwa anafunga hao nzi. Kuna viwanda Kenya vinavyofanya hiyo kazi, na mzigo mkubwa unaenda Uingereza, Ulaya nzima na Marekani. Unakaa mezani, ndoano imebanwa mbele yako, uzi mkono mmoja, unyoya mkono mwingine. Unahesabu mizunguko. Ukizidisha mzunguko mmoja kichwa cha nzi kinakuwa kinene, msimamizi anakirudisha na hiyo haihesabiwi. Walikuwa wanalipwa kwa dazeni. Aliniambia ukifika jioni macho yanaona uzi hata mahali hakuna uzi.

Halafu akanitajia mito. Tweed, Test, Spey, zote. Alizijua kwa sababu ya majina ya nzi na maagizo ya wateja. Nikamuuliza, "Anti, kumbe unajua hii sports yote?"

Akasema, "Najua mdudu. Samaki mwenyewe ako aje? Sijawahi kumwona."

Hapo nilinyamaza. Miaka kumi na moja unatengeneza chakula cha samaki hujawahi kumwona, mtoni ambako hutafika, na mtoto wa ndugu yako anakuja kupata elfu nane kwa kusema jina la uongo.

Nilirudi Kitale nikasoma kwa makini, vile ningefaa kusoma kabla ya ile video. Huyo Greenwell alikuwa kasisi wa Uingereza. Mwaka 1854 alikuwa anavua Tweed, akaona wadudu fulani juu ya maji, akawapeleka kwa fundi mmoja anaitwa James Wright amtengenezee wa kufanana nao. Wright ndiye aliyefunga. Lakini nzi akapewa jina la mteja. Kwa hivyo hata huko kwao, zaidi ya miaka mia moja na sabini iliyopita, fundi alifanya kazi na sifa ikaenda kwa aliyeshika fimbo. Anti hakuwa wa kwanza.

Kitu cha pili nilichosoma kilinifanya nione aibu zaidi. Trauti wako Kenya tangu 1905. Mzungu anaitwa Ewart Grogan alileta mayai yao kutoka Loch Leven, Scotland, wakawekwa mto Gura kule Aberdare. Baadaye wakasambazwa kwa mito mingine ya milimani. Mmoja ni Suam, unaotoka ndani ya shimo la kilele cha Mlima Elgon, ukapita mpaka wa Kenya na Uganda, ukaishia kuwa Turkwel. Huo mlima nauona kwa dirisha langu asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Nilikuwa nimejifunika blanketi nikisifu Slovenia, na samaki yuleyule yuko hapo juu ya Endebess.

Nikampigia Anti. Akapanda matatu Bungoma, Webuye, Kamukuywa, Kiminini, akashuka Kitale na kabati ya vifaa vyake vya zamani kwa mfuko wa plastiki. Mtu tunayemfahamu Endebess alitusaidia na kibali, akaja na fimbo yake. Usiku Anti alifunga nzi watatu kwa meza yangu ya kurekodi, taa yangu ya video ikimmulika mikono. Vidole vyake sasa vina ugonjwa wa viungo, lakini yule wa tatu ungemnunua dukani. Uingereza nzi mmoja anauzwa kama pauni mbili hivi. Hiyo ni zaidi ya mia tatu za kwetu, kwa mmoja, si dazeni.

Mtoni baridi ilikuwa ya kuuma meno. Yule jamaa alirusha karibu saa nzima, hakuna kitu. Anti alikaa juu ya jiwe amejifunga leso mbili. Halafu maji yakapasuka kidogo tu, mshipi ukakazika, akatoka samaki urefu wa shibiri moja, ana madoadoa, tumbo linang'aa.

Nilikuwa nimewasha kamera nikingoja Anti alie au aseme kitu kizito. Yeye akainama, akashika mdomo wa samaki, akaangalia nzi.

"Uzi haujafunguka," akasema. Ndipo akamwangalia samaki.

Jamaa akasema huyu ni mdogo, tunamrudisha. Anti akamkazia macho. "Nimetoka Bungoma na matatu, halafu turudishe mboga?" Lakini tulimrudisha. Alilalamika mpaka Kitale.

Sasa maoni yangu, maana nyinyi hukuja hapa kusikia hadithi pekee.

Sisemi tusiongee kuhusu Ulaya. Soča bado natamani kuiona kwa macho yangu, na siombi msamaha kwa hiyo. Ninachosema ni kwamba sisi watengeneza kontenti wa huku tumezoea kuuza ndoto za mahali hatujafika, na tunaongea kwa sauti ya wenyeji. Kama hujafika, sema hujafika. Haikupunguzii kitu. Mtu anaweza kupanga safari na akopeshwe pesa kwa sababu ya sauti yako.

Na kabla hujasema kitu ni cha Wazungu, geuza uangalie nyuma yake. Kahawa, maua, chai, hata mdudu wa manyoya kwenye ndoano ya tajiri kando ya Test. Mara nyingi kuna mtu wa kwenu alikaa mezani akakitengeneza, na pengine anachambua mboga chumba cha pili huku wewe ukieleza kitu hicho vibaya.

Ile video nimeiacha, lakini nimeweka maandishi mwanzoni: sijafika huku, na nzi nimekosea jina. Linki ya duka nimeitoa. Ile elfu nane ilikuwa imeliwa zamani, kwa hivyo nilitafuta elfu nne nikamtumia Anti kwa simu. Akanipigia kuuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kusahihisha. Akasema basi bado nusu, maana aliyekosea ni mimi. Nalipa pole pole.

Video inayofuata ni yake, anafunga Greenwell kutoka mwanzo mpaka mwisho, mikono yake na sauti yake. Amekubali kwa masharti mawili. Mosi, nisiweke muziki wa huzuni, kwa sababu yeye si wa kuhurumiwa, yeye ni fundi. Pili, pesa ikiingia, ahesabiwe kabla yangu.